Super Serial Card kwenye Apple IIe: kutafuta chanzo cha kimya na cha herufi zilizovurugika

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya Apple IIe na kadi ya Super Serial Card, anayetaka mashine yake izungumze na printa, modemu au laptopu ya kisasa, lakini badala ya mazungumzo anapata kimya, au anapata herufi zisizosomeka. Kadi hiyo ilitolewa mwaka 1981 na imejengwa juu ya chipu moja ya mawasiliano iitwayo 6551. Kinyume na wanavyodhani wengi wanaoiokota ikiwa imekaa miaka bila kutumika, ni kadi ngumu sana kufa. Kadi zinazotangazwa kuwa zimekufa hapa Lamu huwa, kwa sehemu kubwa, zimeharibika miguso: ukingo wa kadi, vijiti vya swichi, soketi za chipu au pini za kebo zimeingiwa na chumvi. Zilizobaki huwa zimepangwa vibaya tu. Kwa sababu hiyo naomba usiagize chipu mpya wala usishike chuma cha kulehemu kabla hujapita hatua zilizoelezwa hapa, kwani kila hatua inaligawa tatizo sehemu mbili na kukuonyesha upande wa kuuacha.

Kabla ya kuwasha

Soma lebo ya umeme iliyo chini au nyuma ya mashine. Apple IIe zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia takriban volti 120, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za volti 240 utaunguza pawasaplai. Zinahitaji transfoma ya kushusha. Zile za Ulaya zinakubali umeme wetu, lakini nyingi zina ndani ya pawasaplai kapasita ya kuchuja ya aina ya RIFA, yenye ganda la plastiki ya manjano inayopitisha mwanga, ambalo hupata nyufa kwa uzee na kuruhusu unyevu kupenya. Katika hewa ya kisiwani jambo hili si la kubahatisha. Kapasita hiyo ikiwa na nyufa itakuja kulipuka na kujaza chumba moshi mkali, kwa hiyo mpe fundi wa umeme aibadilishe kwanza, naye aiache pawasaplai ikae bila umeme kwa muda wa kutosha kabla ya kuifungua.

Juu ya bodi kuu ya Apple IIe kuna taa ndogo nyekundu. Ikiwa inawaka, usichomeke wala usichomoe kadi yoyote. Sharti hilo halina msamaha, kwa maana kadi iliyochomolewa umeme ukiwapo huweza kuondoka na chipu zake na za bodi kuu pia. Vilevile, unapounganisha laptopu kwa mara ya kwanza, chomoa chaja yake na uitumie kwa betri. Nyumba nyingi za zamani mitaa ya Mkomani na Langoni zilivutiwa waya za umeme muda mrefu baada ya kujengwa, na si zote zina ethi ya kuaminika. Chaja isiyo na ethi huweza kuiacha laptopu ikielea kwenye volti ambayo, wakati wa kuchomeka kebo, hupitia kwenye chipu za kadi.

Mashine haiwaki kabisa kadi ikiwamo

Ikiwa mashine hulia mlio wake na kufungua bila kadi, lakini hukaa kimya kadi ikiingizwa, zima mara moja. Angalia kama kadi imekaa sawa kwenye sloti, kwa sababu ikisogea pembeni kidogo huunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana. Angalia pia kama kuna msumari, skrubu au ukoko wa kijani unaogusanisha nyaya nyuma ya kadi. Sloti ya 1 ndiyo iliyozoeleka kwa printa na sloti ya 2 kwa modemu au laptopu. Sloti ya 3 iache, kwani hugongana na kadi ya safu 80 iliyo kwenye sloti ya ziada. Maelezo yote yanayofuata yanachukulia kwamba kadi iko sloti ya 2.

Safisha ukingo wenye rangi ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti ya isopropili. Spiriti ya vidonda inayouzwa famasi mara nyingi huwa na mafuta ndani yake, na mafuta hayo hubaki kwenye mguso, kwa hiyo soma chupa kabla ya kununua. Usitumie raba ya kufutia penseli. Inang'arisha, ni kweli, lakini inakwangua dhahabu ambayo ni nyembamba sana, na dhahabu ikishaondoka chumvi hupata shaba iliyo chini yake.

Mashine inaganda baada ya kuandika PR#2

Unaandika PR#2, yaani amri ya kupeleka maandishi kwenye kadi ya sloti ya 2, unabonyeza kitufe cha kurudi, na mashine haijibu tena mpaka ubonyeze Control pamoja na Reset. Hii si dalili ya ubovu. Mara nyingi ni dalili ya kadi inayofanya kazi yake kwa uaminifu. Programu iliyomo ndani ya kadi haitumi herufi mpaka upande wa pili utoe ishara za ruhusa, na pini isiyounganishwa na chochote huhesabiwa kuwa haijatoa ruhusa. Watu wengi hutengeneza kebo ya waya tatu tu, yaani wa kutuma, wa kupokea na wa ethi, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kwenye vifaa vya kisasa. Kwa kadi hii waya tatu hazitoshi.

Unaweza kumuuliza 6551 mwenyewe anachokiona. Andika mistari hii bila namba za mistari, mmoja mmoja (POKE huandika namba kwenye anwani fulani, PEEK huisoma iliyopo):

POKE 49321,0
POKE 49323,30
POKE 49322,11
PRINT PEEK(49321)
PRINT PEEK(49321)

Chukua jibu la pili, maana la kwanza huweza kubeba mabaki ya hali iliyopita. Ukiona 16, chipu iko tayari kutuma na ishara zote mbili anazozifuatilia zimefika. Ukiona 112, yaani 16 pamoja na 32 na 64, ishara ya pini ya 8 na ile ya pini ya 6 za plagi ya pini 25 hazipo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu 6551 hukataa kupokea herufi yoyote iwapo ishara ya pini ya 8 haipo, hata kama waya wa kupokea ni mzima. Ukiona nambari nyingine, toa 64, 32 na 16 ukiweza, na kinachobaki kitakuambia mengine: 8 ni herufi iliyofika na haijasomwa, 4 ni herufi iliyopotea kwa kuchelewa kusomwa, na 2 ni herufi iliyofika bila umbo sahihi.

Dawa yake ni fupi. Kwenye plagi ya pini 25, upande wa kadi, unganisha pini ya 4 na ya 5, kisha unganisha pamoja pini za 6, 8 na 20. Kwa njia hiyo kadi hujipa ruhusa yenyewe. Ili viunganishi hivyo vifanye kazi kama nilivyoeleza, kile kipande cheusi chenye pembetatu nyeupe kilichochomekwa katikati ya kadi kielekee upande ulioandikwa MODEM, ambapo pini hubaki na kazi zake za kawaida. Kikielekezwa upande wa TERMINAL, kadi hupishanisha waya za kutuma na kupokea ndani yake yenyewe pamoja na zile za ruhusa, na kebo ya moja kwa moja hutosha kwa printa. Watu wengi hupishanisha waya kwenye kebo na papo hapo wakageuza na kipande hiki. Mapishano mawili hufutana, na wanarudi walikoanza bila kujua. Chagua mahali pamoja pa kupishanisha, kisha paache.

Kimya kabisa, wala mashine haigandi

Chukua maltimita, weka ncha nyeusi kwenye pini ya 7 ya plagi ya pini 25 na nyekundu kwenye pini ya 2, mashine ikiwa imewashwa na kebo ya nje haijaunganishwa na kitu kingine. Kipande kikiwa upande wa MODEM, pini ya 2 ndiyo inayotuma, na ikiwa imetulia lazima ionyeshe volti hasi, kati ya 8 na 12 chini ya sifuri. Kikiwa upande wa TERMINAL, volti hiyo hasi itakuwa kwenye pini ya 3. Kipimo hiki kimoja kinakuambia kama chipu ya kutuma ni hai, kama umeme wa volti 12 hasi unafika kwenye kadi, na kama kipande cheusi kimekaa unavyodhani. Nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji programu yoyote.

Ukipata sifuri kwenye pini zote mbili, angalia kwanza ule utepe wa waya 10 unaotoka kwenye kadi kwenda kwenye plagi ya nyuma, kwani huweza kuchomekwa kinyume au kukatika ndani bila ganda lake kuonyesha lolote. Utepe ukiwa mzima, pima volti 12 hasi kwenye pawasaplai. Ikiwa ipo, basi ndipo unapoweza kuishuku chipu ya kutuma ya familia ya 1488. Mwenzake wa kupokea ni 1489, na zote mbili ni za bei nafuu.

Ukipata volti hasi inayotakiwa, thibitisha mzunguko mzima kabla ya kuleta laptopu. Kipande kikiwa MODEM na viunganishi vya ruhusa vikiwapo, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, kisha uandike:

10 POKE 49321,0
20 POKE 49323,30
30 POKE 49322,11
40 FOR I = 65 TO 90
50 POKE 49320,I
60 FOR T = 1 TO 20 : NEXT T
70 PRINT CHR$(PEEK(49320));
80 NEXT I

Iendeshe kwa RUN. Programu hii haipiti kwenye programu ya ndani ya kadi. Inazungumza na 6551 moja kwa moja kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ukiona alfabeti nzima kuanzia A hadi Z, kadi yako ni nzima kutoka chipu hadi plagi, na tatizo liko nje: kebo, adapta au mpangilio wa upande wa pili. Ukiona herufi moja inayojirudia, au usione kitu, sogeza kiunganishi na upime tena kabla ya kuilaumu kadi.

Neno moja kuhusu adapta za USB. Zile zinazouzwa kwa ajili ya bodi ndogo za kielektroniki, zenye pini wazi na zilizoandikwa TTL, hazifai hata kidogo, kwa kuwa zimetengenezwa kwa volti 3.3 au 5 na kadi hii itazipelekea volti hasi zisizozitarajia. Nunua ile yenye plagi ya pini 9 iliyoandikwa RS-232. Kumbuka pia kwamba kwenye plagi ya pini 9 ya laptopu, pini ya 2 hupokea na ya 3 hutuma, na ethi ni ya 5. Kwenye ile ya pini 25 ya kadi, pini ya 2 hutuma, ya 3 hupokea, na ethi ni ya 7. Basi ukitoka 25 kwenda 9 kwa kufuata namba, yaani 2 kwa 2 na 3 kwa 3, tayari umeshapishanisha.

Herufi zinafika zikiwa zimevurugika

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na hapa ndipo hewa yetu inapofanya hila zake. Herufi zilizovurugika zina maana kwamba waya ni wazima. Kinachotofautiana ni kasi au umbo la herufi.

Anza na kasi. Swichi nne za kwanza za kundi la SW1 ndizo zinazoiweka. Kwa biti 9600, tatu za kwanza huzimwa na ya nne huwashwa. Kwa 19200, zote nne huzimwa. Kwa 1200, ya kwanza huzimwa na tatu zinazofuata huwashwa. Kwa 300, ya kwanza na ya nne huwashwa, na mbili za katikati huzimwa. Lakini kuipanga swichi ni jambo moja, na swichi kutii ni jambo jingine. Swichi hizi ni za chuma chembamba kinachogusana ndani ya sanduku dogo lisiloziba hewa, na swichi iliyoingiwa na kutu husomeka kuwa imezimwa daima, hata kijiti chake kikiwa upande wa kuwashwa.

Usiyaamini macho, iulize mashine. Andika:

PRINT INT(PEEK(49313)/16)

Jibu ni namba ya kasi ambayo kadi inaiona wakati huo huo: 6 ni biti 300, 8 ni 1200, 10 ni 2400, 12 ni 4800, 14 ni 9600, na 15 ni 19200. Sasa tazama jambo hili. Kasi zote za kawaida zilizo chini ya 19200 unazoweza kuzihitaji, ukiondoa 600, zina namba shufwa, na shufwa hiyo inatoka kwenye swichi ya nne pekee ikiwa imewashwa. Mguso wa swichi hiyo ukifa, 14 inakuwa 15, na mtu aliyepanga 9600 anatuma kwa 19200 bila kujua. 8 inakuwa 9, ambayo ni 1800. 10 inakuwa 11, ambayo ni 3600. Kasi ambazo hakuna laptopu wala printa itakayozikisia. Kwa hiyo ukipata namba witiri ambayo hukuipanga, chanzo umekipata.

Nililetewa mashine kutoka nyumba moja ya mawe iliyokuwa imewekwa ndani ya kidaka, mgongo wake ukigusa chokaa ya ukuta, na kusi nzima ilipita hivyo. Kadi ilionekana safi kabisa. Namba iliyotoka ilikuwa 15, kijiti cha nne kikiwa kimewashwa sawasawa. Nilipokisukuma mbele na nyuma kwa kijiti cha mbao, huku nikirudia amri ile ile, namba ilianza kucheza kati ya 15 na 14, kisha ikatulia kwenye 14. Tone la spiriti ndani ya tundu la kila swichi, kuzisukuma zote mara kadhaa, na kuziacha zikauke kabisa ndiyo iliyokuwa tiba yote. Ikiwa namba itaendelea kucheza hata baada ya hapo, swichi zimechakaa na kundi zima libadilishwe.

Fahamu pia kwamba programu ya kadi huzisoma swichi pale tu inapoanzishwa. Ukibadilisha swichi, anzisha upya kwa Control na Reset kisha PR#2, la sivyo utaendelea kupima mpangilio wa zamani. Na baadhi ya programu, ikiwamo ADTPro ambayo wengi wetu huitumia kuhamishia diski kutoka kwenye laptopu, hazizisikilizi kabisa swichi za kasi. Huipanga 6551 zenyewe. Kadi inayofanya kazi vizuri na ADTPro lakini ikavuruga kwa PR#2 inakuelekeza moja kwa moja kwenye swichi.

Kasi ikiwa sahihi na bado kuna vurugu, itazame vurugu yenyewe, upande wa laptopu, kwa sababu Apple huifunika biti ya nane inapochapa kwenye skrini na itakuficha kosa. Ikiwa A, B na D zinafika salama lakini C na E zimegeuka alama za ajabu, upande mmoja unatuma biti saba na pariti shufwa (biti ya ziada ya kukagua makosa), na mwingine unatarajia biti nane bila pariti. Herufi zenye idadi shufwa ya biti zilizowashwa hupita salama, na zenye idadi witiri huongezewa biti ya nane. Ikiwa kila herufi imegeuka bila kubagua, programu ya upande wa Apple inaituma biti ya nane ikiwa imewashwa, kama mashine hii inavyohifadhi maandishi yake. Iambie laptopu ipokee biti saba. Laptopu ikipata herufi chache kuliko zilizotumwa, kwa kawaida Apple ndiyo yenye kasi kubwa zaidi.

Herufi zinakosekana katikati ya sentensi

Zinazofika ni sahihi, ila nyingine zimemezwa. 6551 ina nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu iliyopokewa. Kwa biti 9600 herufi mpya hufika takriban kila milisekunde moja, na programu ya BASIC, au hata kitendo cha kusogeza skrini juu, huchukua muda mrefu kuliko huo. Punguza kasi hadi 1200 au 300, au tumia programu iliyoandikwa kwa lugha ya mashine. Chipu haina kosa hapa.

Mistari ya printa

Ikiwa printa inachapa mistari yote juu ya mstari mmoja, washa swichi ya tano ya kundi la SW2 ili kadi iongeze amri ya kushusha karatasi. Ikiwa inaruka mstari mmoja kila mara, izime.

Asubuhi inafanya kazi, mchana inakataa

Tatizo linalokuja na kwenda kwa joto ni la soketi au la lehemu iliyopasuka. Chipu ya 6551 na romu ya kadi, zikiwa kwenye soketi, hupanda polepole kwa kupanuka na kusinyaa. Zima mashine, chomoa kadi, iweke juu ya kitambaa kisicho cha nailoni, na ubonyeze kila chipu kwa vidole gumba viwili, ukiushikilia upande wa nyuma. Miguu ikiwa imekuwa myeusi, ichomoe chipu taratibu kwa kuinua ncha zote mbili kwa zamu, safisha miguu kwa spiriti na uirudishe ikielekea upande ule ule. Kama kukataa kunafuata kutikisika kwa kebo na si joto, tazama mahali pini za utepe wa waya 10 zinapoingia kwenye bodi. Huko lehemu hupasuka kwa duara jembamba linaloonekana tu chini ya kioo cha kukuzia, na tone jipya la lehemu kwenye kila pini hurudisha mguso.

Wakati wa kusi, mashine isiyotumika itoke kwenye kidaka na ikae mbali na ukuta wa chokaa, na kadi iwekwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na pakiti za silika zinazokuja na viatu au simu. Kabla ya kuirudisha kwenye sloti, acha mfuko wazi chumbani kwa saa moja au mbili ili kadi ifikie joto la chumba, kisha anza na kipimo cha volti cha pini ya 2 na amri ya PEEK(49313) kabla ya kuunganisha kifaa chochote.